Ukingo mweusi kwenye picha ya 1940: nipake njano au nyeusi?

"Ninaunda modeli ya Spitfire Mk I, ndege ya kivita ya Uingereza, ya skeli ya 1/48. Picha niliyo nayo ya ndege yenyewe ni moja tu, nyeusi na nyeupe, ya kiangazi cha 1940. Ukingo wa nje wa duara la RAF (jeshi la anga la Uingereza) ubavuni unaonekana mweusi kabisa, lakini dekali, yaani vibandiko vya alama, zilizokuja kwenye seti zinaonyesha njano. Mabaka ya juu nayo hayaachani, yote ni kijivu kimoja. Niliingiza picha kwenye programu ya kutia rangi, ikanipa ndege ya kijani na kijivu, ukingo wa duara ukabaki mweusi. Sasa niamini picha, dekali au programu? Na nikishajua, nitachanganyaje rangi ili ifanane na picha?"

Paka njano. Dekali zako ziko sawa, na picha yako haina kosa. Kinachokuchanganya ni kwamba unaisoma kana kwamba imechorwa na jicho la mtu, wakati imechorwa na filamu, na filamu ya siku hizo ilikuwa na macho yake. Programu ndiyo ya kuweka kando, na nitakuonyesha kwa nini, kwa sababu kosa lake lina funzo kuhusu tarehe ya ndege yako.

Tuanze na filamu. Chumvi za fedha zinazoshika picha huitikia kwa asili mwanga wa buluu na wa zambarau peke yake. Mwaka 1873 mwanakemia Mjerumani Hermann Wilhelm Vogel aligundua kwamba ukizitia chumvi hizo aina fulani za rangi, zinaanza kuitikia na kijani pia. Filamu ya namna hiyo huitwa othokromatiki: buluu inaiona vizuri sana, kijani inaiona kiasi, na nyekundu kwake ni giza. Baadaye ikaja pankromatiki, inayoona wigo wote wa mwanga. Mwaka 1940 aina zote mbili zilikuwa zinatumika, hata wapiga picha wawili kwenye uwanja mmoja wa ndege wangeweza kuwa na filamu tofauti.

Rangi ya njano hurudisha mwanga mwekundu na wa kijani, na humeza buluu. Filamu ya othokromatiki haioni hiyo nyekundu, na buluu ambayo ingeiamsha zaidi haipo. Inabaki sehemu ndogo ya kijani. Ndiyo maana ukingo ambao kwa macho ungewaka kama ua la alizeti umetoka mweusi kwenye picha yako. Jambo hilo hilo huwasumbua wanaounda ndege za Vita vya Kwanza vya Dunia: buluu ya maduara ya Uingereza na Ufaransa hutoka hafifu sana, na nyekundu nyeusi tii.

Kwa hiyo kabla ya kuuliza ndege ilikuwa rangi gani, uliza filamu ilikuwa ya aina gani. Jibu huwa limo ndani ya picha yenyewe. Tazama mistari mitatu iliyosimama kwenye pezi la mkia. Nyekundu huwa mbele, nyeupe katikati, buluu nyuma. Ikiwa ule wa mbele ni mweusi na wa nyuma umepanda hadi kijivu cha kati, hiyo ni othokromatiki. Ikiwa mstari wa mbele na wa nyuma vinakaribiana kwa weusi, na ukingo wa duara ni mweupe-mweupe unaokaribia kushikana na nyeupe ya ndani, hiyo ni pankromatiki. Kuna na hali ya tatu: mpiga picha amefunga kichujio mbele ya lenzi. Kichujio cha njano hukoza anga na kung'arisha ukingo wa njano. Cha rangi ya chungwa au chekundu huweza kuifanya nyekundu ya duara ionekane kijivu hafifu. Usitegemee nguo za marubani kama kipimo. Jaketi zao za kujiokolea majini nyingine zilikuwa za kaki na nyingine zilipakwa njano, kwa hiyo ukiona jaketi jeusi hujajua lolote.

Hapo ndipo fumbo lako la pili linapofunguka. Mabaka ya juu yalikuwa ya rangi mbili ambazo RAF iliziita Dark Earth, yaani kahawia ya udongo, na Dark Green, kijani iliyokoza. Kwa macho, kahawia hiyo imeng'aa kuliko kijani. Lakini mng'ao wake mwingi unatoka upande wa nyekundu na njano, upande ule ule ambao filamu yako haiuoni. Ukiuondoa, kahawia inashuka na kukutana na kijani, na mpaka kati yao unafifia au kupotea.

Sasa turudi kwenye programu. Kijivu kimoja kwenye picha kinaweza kuwa kimetoka kwenye rangi nyingi mno, na taarifa ya kuzitofautisha haimo tena kwenye faili. Programu inakisia kutokana na picha nyingine ilizofundishwa nazo. Haijui filamu ilikuwa ipi, ndiyo maana imeacha ukingo mweusi, na haijui mwaka, ndiyo maana imekupa kijani na kijivu. Kijani na kijivu kilikuwepo kweli kwenye Spitfire, lakini mwaka mmoja baadaye.

Ujue tu kwamba picha nyeusi na nyeupe haikupi rangi. Inakupa mipaka, mpangilio, vipimo, mng'ao, uchafu na mabaka ya matengenezo. Rangi yenyewe huitoa kwenye tarehe na maagizo ya wakati huo. Na kwa ndege za kivita za RAF maagizo yalibadilika haraka kiasi kwamba unaweza kuitarehesha picha kwa miezi.

Ukingo wa njano ubavuni pamoja na mistari ya pezini viliagizwa Mei 1940. Hadi mwanzoni mwa Juni tumbo, yaani upande wote wa chini wa ndege, lilikuwa limegawanywa, bawa la kushoto jeusi na la kulia jeupe. Juni 1940 likaagizwa tumbo lote lipakwe rangi iliyoitwa Sky, ambayo licha ya jina lake haikuwa buluu ya mbingu: ni rangi hafifu yenye kijani na manjano kidogo ndani yake. Maduara ya chini ya mabawa yaliondolewa wakati huo, yakarudi Agosti. Mwishoni mwa Novemba 1940 ukaongezwa mkanda wa Sky wenye upana wa inchi 18 kuzunguka mwili karibu na mkia, kofia ya rafadha (propela) ikawa Sky, na bawa la kushoto likarudi kuwa jeusi chini hadi Aprili 1941. Agosti 1941 ndipo Dark Earth ilipoondoka na Ocean Grey ikachukua nafasi yake, na tumbo likawa Medium Sea Grey.

Pitia picha yako kwa orodha hiyo. Ina ukingo wa nje kwenye duara pamoja na mistari pezini? Basi huenda haikupigwa kabla ya Mei 1940. Haina mkanda mkiani na kofia ya rafadha ni nyeusi? Basi ni kabla ya Desemba, na juu ni Dark Earth na Dark Green. Hapo huhitaji kukisia tena. Mwenye picha ya ndege ya Marekani atafanya vivyo hivyo kwa nyota: kitone chekundu katikati ya nyota kiliondolewa Mei 1942, mikono miwili myeupe yenye ukingo mwekundu ikaja mwishoni mwa Juni 1943, na ukingo huo ukaagizwa kuwa wa buluu Agosti mwaka huo huo.

Jihadhari na mambo mawili. Agizo lilitoka siku moja lakini halikufika kila kikosi siku hiyo, kwa hiyo picha ikipingana na agizo kuhusu kitu kilichokuwepo au kisichokuwepo, fuata picha. Agizo liaminiwe kuhusu jina la rangi, picha iaminiwe kuhusu ndege hii hasa. La pili ni tumbo. Kiangazi cha 1940 Sky ilikuwa adimu na vikosi vingine vilichanganya vya kwao, kukatoka buluu hafifu na kijani hafifu za namna namna. Ikiwa huna ushahidi wa kikosi chako, tumia Sky ya kawaida. Mtu akikuambia kwa uhakika kutoka kwenye picha kama yako kwamba tumbo lilikuwa buluu, anasema zaidi ya kile picha inachoweza kusema.

Kabla ya kuamini chochote, hakikisha picha haijageuzwa wala kufutwa. Ikiwa herufi za kikosi zimefunikwa au zimekatwa, hutagundua kwa maandishi, na mistari ya pezi haisaidii kwa sababu nyekundu huwa mbele pande zote mbili. Tumia umbo la ndege: mlango mdogo wa chumba cha rubani uko kushoto, mrija wa kupimia mwendo uko chini ya bawa la kushoto, na kwenye Mk I kisanduku kikubwa cha rejeta kiko chini ya bawa la kulia huku kipoza mafuta chembamba kikiwa kushoto. Wakaguzi wa habari wakati wa vita walikuwa na mazoea ya kufuta namba na herufi moja kwa moja kwenye picha. Doa laini lisilo na chembechembe za filamu pale ambapo namba ingekuwa ni dalili ya kazi yao. Na maelezo chini ya picha yasomwe kwa tahadhari, maana tarehe iliyoandikwa inaweza kuwa ya kutolewa kwa magazeti, si ya kupigwa.

Vipimo ndilo eneo ambalo picha moja inakupa mali nyingi, na watu wengi huliruka. Tafuta kitu ambacho urefu wake unajulikana, kilicho kwenye ubapa ule ule na unachotaka kupima. Namba ya ndege ubavuni ilikuwa na kimo cha inchi 8. Fungua picha kwenye kompyuta, hesabu pikseli. Tuseme namba ina kimo cha pikseli 44 na duara pikseli 192. Gawa 192 kwa 44, zidisha kwa 8, unapata karibu inchi 35. Zidisha kwa 25.4 upate milimita 889, gawa kwa 48, na duara lako linapaswa kuwa milimita 18.5. Pima dekali. Zikitofautiana kwa zaidi ya milimita moja, ama dekali si za ndege hii ama umepima vibaya. Pima vimo, usipime mapana, kwa sababu ndege iliyopigwa kwa pembe hufupisha mapana lakini vimo huathirika kidogo. Mwili wa Spitfire hukonda kuelekea mkiani, kwa hiyo kubali kosa la inchi moja hivi.

Kupata mpaka wa mabaka kwenye picha iliyofifia, anza na nakala bora. Skani ya kitabu au picha ya mtandaoni iliyobanwa haina kitu cha kufufua. Ukipata nakala ya karatasi, iskani kwa nukta 600 kwa inchi au zaidi, kwa biti 16, uihifadhi bila kubana. Kisha pandisha utofauti kwenye sehemu ya kijivu cha kati tu, uache nyeupe na nyeusi zilivyo. Tafuta mpaka pale ambapo mwanga unatelemka juu ya bati, kama chini ya kioo cha mbele na kwenye mzizi wa bawa. Huhitaji kuupata wote. Mabaka yalifuata mchoro maalumu uliokuwa na matoleo mawili, A na B, moja likiwa taswira ya lingine kwenye kioo. Chapisha mchoro wa maelekezo yako, geuza nakala moja, na vipande viwili au vitatu vya mpaka kwenye picha vitakuambia ni toleo lipi.

Sasa swali lako la mwisho, la kuchanganya rangi ifanane na picha. Usifanye hivyo. Nunua rangi zenye majina ya viwango vya RAF, kisha zijaribu kwa njia hii, ambayo ni rahisi na inatosheleza. Paka vipande vya plastiki vilivyotiwa praima (rangi ya msingi) ya kijivu: Dark Earth, Dark Green, njano, nyekundu, buluu na nyeupe. Viweke pamoja nje, kivulini, uvipige picha kwa simu. Kwenye programu ya kuhariri igeuze iwe nyeusi na nyeupe kwa kuchanganya chaneli wewe mwenyewe: nyekundu 0, kijani 40, buluu 60. Utaona njano ikizama, nyekundu ikiwa nyeusi, buluu ikipanda, na kahawia ikisogea kwenye kijani. Weka chaneli zote sawa, uone zinavyorudi mahali pake. Simu haifanani kabisa na filamu, kwa hiyo linganisha kipi ni cheusi kuliko kipi; viwango vyenyewe vya kijivu viache. Mpangilio ukifanana na wa picha yako, umethibitisha rangi zako na aina ya filamu kwa pamoja.

Picha za rangi za wakati huo zipo, na ni hazina, hasa za Kodachrome, filamu ya rangi ya Kodak, ambayo ikiwekwa gizani hudumisha rangi zake vizuri. Zile za Alfred Palmer za mwaka 1942 kwenye viwanda vya ndege vya Marekani, zilizopo Library of Congress, zinastahili kutazamwa hata kama huundi ndege ya Marekani, ili ujifunze rangi ya vita inavyobadilika juani na kivulini. Lakini usichukue rangi kwa kudonoa pikseli. Upande ulio kivulini chini ya anga safi hubeba buluu ya anga, jua la jioni huongeza wekundu, na skani huongeza yake. Ndege zilizokarabatiwa nazo zimepakwa rangi za kisasa zinazong'aa kuliko zilivyokuwa; zitumie kwa umbo, usizitumie kwa rangi.

Kuhusu kufifisha rangi kwa ajili ya skeli, watu wanabishana na wote wana hoja. Kitu kidogo kikitazamwa karibu huonekana kimekoza kuliko kikubwa kikitazamwa mbali. Kwa 1/48, tone 1 la kijivu hafifu kwa matone 10 hadi 15 ya rangi linatosha. Tumia kijivu, kwa sababu nyeupe huifanya kahawia kuwa kama chokoleti ya maziwa. Fanya hivyo kwa rangi zote pamoja na dekali ukiweza, la sivyo usifanye kabisa, kwa sababu ukififisha mabaka peke yake maduara yatapiga kelele. Watengenezaji wengine wameshaifanyia rangi yao kazi hiyo. Ukiongeza yako utakuwa umefifisha mara mbili.

Kwenye kupaka, osha sehemu kwa sabuni, tia praima ya kijivu, anza na Sky chini, funika, kisha Dark Earth juu kote, mwisho Dark Green kwenye mabaka. Kahawia kwanza, kwa sababu iliyong'aa hufunikwa kirahisi na iliyokoza kuliko kinyume chake. Brashi ya hewa yenye tundu la milimita 0.3 kwa shinikizo la bar 1 hadi 1.2 inatosha, rangi ikiwa nyepesi kama maziwa. Inchi moja ya ndege halisi ni nusu milimita tu kwenye 1/48, kwa hiyo mpaka laini mpana unaoonekana ukiwa mbali ni kosa. Viringisha udongo wa kunata wa kubandikia mabango uwe kama uzi wa milimita 2, ufuate mpaka, jaza ndani kwa tepu, upulize wima kabisa. Ukipuliza kwa kulalia, rangi huingia chini ya uzi na mpaka hutanuka upande mmoja. Acha rangi ya akriliki usiku kucha kabla ya kufunika. Rangi ya enameli ingoje siku mbili. Dekali ziwekwe juu ya vanishi inayong'aa. Zikikaa juu ya rangi kavu isiyong'aa, hewa hunaswa chini na utando wa dekali humeta kama fedha, na hakuna vanishi ya juu itakayoificha. Kisha maliza kwa vanishi isiyong'aa.

Uchafu nao usome kwenye picha yako. Mikwaruzo hukusanyika kwenye mzizi wa bawa la kushoto, kwa sababu mafundi na rubani walipandia huko kwenye mlango. Midomo ya bunduki kwenye bawa ilizibwa kwa vitambaa vyekundu, na kwenye othokromatiki vitambaa hivyo huonekana kama matundu meusi. Wengi hupaka matundu kwa sababu hiyo. Kuza picha: kingo zikiwa nyoofu ni kitambaa kizima, paka chekundu. Zikiwa zimechanika na kuna michirizi ya moshi chini ya bawa, ndege imetoka kupigana. Usiichakaze kupita kiasi. Ndege nyingi za kivita za kiangazi hicho hazikudumu muda wa kutosha rangi zake kupauka.

Kuna mambo ambayo mimi au mtu mwingine wa mbali hawezi kukumalizia. Vipande vyako vya Dark Earth na Dark Green vikionekana karibu rangi moja hata mezani, kwenye mwanga wa mchana, mwonyeshe mtu mwingine. Akiviona tofauti waziwazi, kapime macho, kwani upungufu wa kutofautisha nyekundu na kijani ni wa kawaida hasa kwa wanaume, na wengi huujua ukubwani. Ukipata kizunguzungu au kichwa kuuma unapopuliza enameli, acha, toka nje, na usirudi bila upepo wa kutosha na barakoa ya kemikali, maana ile ya vumbi haizuii mvuke. Dalili zisipoondoka, nenda kwa daktari. Na ikiwa namba imefutwa na utambulisho wa ndege unaitegemea hiyo, andikia hifadhi inayoshikilia picha, kama Imperial War Museums au RAF Museum, uulize kama wana negativu (filamu ya asili) au nakala isiyoguswa na mkaguzi. Wape namba ya picha na uwaulize jambo moja mahususi.

Hadi hapo, weka dekali ya njano.